Lenzi ya Kuvuta ya Mtumba: Kusoma Dalili za Ubovu na Kupata Chanzo Chake

Mpigapicha anayeanzia kazi Dodoma, awe anafuata mahafali ya Chuo Kikuu cha Dodoma, sherehe za kipaimara au mechi za Uwanja wa Jamhuri, hufika haraka mahali ambapo lenzi fupi aliyoipata pamoja na kamera haimfikishi kule anakotaka. Lenzi mpya ya kuvuta (zoom) ina bei kubwa, kwa hiyo anageukia za mtumba: Canon EF 75-300 (namba hizi ni urefu wa lenzi kwa milimita; kubwa zaidi huvuta mbali zaidi), Canon EF-S 55-250, Nikon 55-200, Nikon 70-300, au zile za miaka ya tisini zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera za filamu. Nyingi kati ya hizi bado ni nzima na zinafaa kabisa kwa kazi. Shida ni kwamba lenzi mbovu haijulikani kwa kutazamwa juu juu mezani, na dalili moja inaweza kuwa na vyanzo vitatu au vinne ambavyo gharama zake hazilingani hata kidogo. Kimoja ni swichi iliyosahaulika, kingine ni uchafu unaofutika kwa kitambaa, cha tatu ni ubovu wa kamera yenyewe, na cha nne ni ubovu ambao kuutengeneza kunazidi bei ya lenzi.

Kwa sababu hiyo, ninamsihi mnunuzi asikubali wala asikatae lenzi kwa sababu ya dalili peke yake. Aitafute asili ya dalili hiyo kwanza: je, inatokana na mpangilio wa kamera, na bodi ya kamera (kamera yenyewe bila lenzi), na hewa ya mahali anapopigia, au na lenzi? Vifaa vya kazi hii ni vichache. Nenda na bodi yako mwenyewe yenye betri iliyojaa na kadi tupu, tochi ndogo (ya simu inatosha), kitambaa safi cha kufutia miwani, na ikiwezekana lenzi nyingine unayoijua kuwa ni nzima, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokuonyesha kama kosa ni la kamera. Muuzaji mwaminifu hakatai ukimwambia, "Samahani kaka, naomba niipige picha chache kwanza." Anayekataa amekwisha kukupa jibu.

Lenzi haiingii, au inaingia lakini kamera haiijui

Kabla ya kufikiria ubovu, hakikisha kwamba lenzi na bodi ni za ukoo mmoja. Canon ilianzisha maunti (sehemu ya kufungia lenzi) ya EF mwaka 1987, na lenzi zake za kabla ya hapo, za aina ya FD, hazifungi kwenye kamera za EOS za kidijitali. Adapta zisizo na kioo cha lenzi ndani zipo, lakini ukizitumia lenzi hiyo haitashika fokasi ya vitu vya mbali, na hakuna marekebisho yatakayobadilisha hali hiyo, kwa sababu inatokana na umbali kati ya maunti na sensa (kipande cha ndani ya kamera kinachopokea picha). Lenzi za EF-S, zenye alama ya mraba mweupe, haziingii kwenye bodi za sensa kubwa kama 5D na 6D. Zile zenye nukta nyekundu huingia kwenye bodi zote za EOS zenye kioo cha kuakisi (DSLR).

Kwa upande wa Nikon maunti ya F, ya kamera zenye kioo, haijabadilika umbo tangu 1959, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, kwa kuwa lenzi hufunga vizuri kabisa na bado isifanye kazi yote. Ukiona kamera imeandika FEE, lenzi si mbovu: ina pete ya apacha (tundu la ndani ya lenzi linalopunguza au kuongeza mwanga), na pete hiyo inatakiwa igeuzwe hadi kwenye namba kubwa kuliko zote, kwa kawaida 22, kisha ifungwe kwa kile kidude kidogo cha pembeni. Ukiona F na vistari viwili, kamera haipati mawasiliano na lenzi, kwa hiyo futa pini kwanza kabla ya kusema neno lolote kwa muuzaji.

Lipo na lalamiko lingine ambalo si ubovu, ingawa huleta majuto yaleyale. Lenzi ya filamu ya 28-80 ikiwekwa kwenye Canon yenye sensa ndogo huona kama lenzi ya 45-128, kwa kuwa sensa hiyo hukata kingo za picha kwa kiasi cha mara 1.6. Kwenye Nikon kiasi hicho ni 1.5. Aliyeinunua akitegemea kupiga familia nzima sebuleni atarudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta na bado watu wa pembeni watakatika.

Kamera inatoa kosa pale unapobonyeza

Hii ndiyo dalili inayostahili subira kuliko zote. Kwenye kamera za Canon ujumbe wake huwa Err 01, au Err 99 kwenye bodi za zamani. Skrini huwa imeonyesha kila kitu sawasawa, fokasi imeshika, kisha kidole kinapobonyeza hadi chini kamera inakwama na kukuambia usafishe pini za lenzi.

Anza kwa kufanya hivyo hasa. Zima kamera, toa lenzi, futa pini zake na za bodi kwa kitambaa kikavu, ukikaza kidogo bila kukwaruza, kisha irudishe na uizungushe mpaka usikie mlio wa kufunga. Vumbi la Dodoma ni laini na hushikana na mafuta ya vidole kuwa utando usioonekana, na mara nyingine tatizo zima ni hilo tu. Ikiwa kosa limebaki, weka lenzi yako nzima kwenye bodi hiyohiyo. Ikiwa nayo inatoa kosa, tatizo ni la bodi, na lenzi ya muuzaji haina hatia.

Ikiwa lenzi yako inafanya kazi na ya muuzaji haifanyi, ingia kwenye jaribio la apacha. Weka kamera kwenye Av (hali ambayo wewe huchagua apacha) na uchague namba ndogo kuliko zote ambayo lenzi inaruhusu, yaani apacha ikiwa wazi kabisa, kwa mfano f/4 ukiwa umeifupisha. Piga. Kisha weka f/8 na upige tena. Ikiwa picha ya kwanza inapita na ya pili inaleta kosa, basi mawasiliano yapo na kilichokufa ni mfumo wa kufunga apacha, kwa kuwa katika picha ya kwanza apacha haikuhitaji kusogea.

Katika lenzi nyingi ndogo za Canon za bei nafuu, hasa 18-55, chanzo cha hali hiyo ni utepe mwembamba wa waya unaopeleka umeme kwenye apacha. Utepe huo hukunjwa na kukunjuliwa kila pete ya kuvutia inapozungushwa, na baada ya miaka kadhaa huchanika kwenye mkunjo uleule. Fundi akiifungua lenzi mbele yako utaona mstari mwembamba kama unywele ukikatisha njia za shaba; kwa jicho la haraka utepe unaonekana mzima, lakini ukiupinda kidogo chini ya taa ufa unafunguka. Kwa kuwa ufa hugusana na kuachana kulingana na mahali pete ilipo, kosa hilo mara nyingi huja kwenye urefu (namba ya pete ya kuvutia) fulani tu: lenzi inapiga vizuri kwenye 18, inakataa kwenye 35, inakubali tena kwenye 55. Muuzaji anayejua hilo atakukabidhi lenzi ikiwa pale inapokubali. Kwa hiyo, rudia jaribio la f/8 kwenye urefu usiopungua minne tofauti, ukiizungusha pete pole pole kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kuna chanzo kingine chenye dalili inayofanana sana na hiyo, na kukosea kati ya hivi viwili humpeleka mtu kwa fundi bila sababu. Baadhi ya lenzi za Sigma za enzi za filamu, zenye maunti ya Canon EF, haziwezi kuzungumza na bodi za kidijitali kuhusu apacha. Hupiga zikiwa wazi na kutoa kosa zikiambiwa zifunge. Tofauti ni kwamba hizi hukataa kwenye kila urefu bila kubagua, ilhali ufa wa utepe huja na kuondoka. Hapa hakuna cha kutengeneza kwenye waya. Lenzi kama hiyo inunue tu ikiwa uko tayari kuipiga ikiwa wazi siku zote, na bei yake iendane na kasoro hiyo.

Msimamo wangu kuhusu utepe uliochanika ni kwamba usinunue, hata kwa bei ya kutupa. Utepe wenyewe ni wa bei ndogo, lakini unahitaji lenzi ifunguliwe karibu yote na vioo virudishwe pale pale vilipokuwa, na fundi mwenye mkono wa kazi hiyo hapatikani kila mtaa.

Fokasi haijiendeshi

Tazama swichi ya AF na MF iliyo ubavuni mwa lenzi. Hili linaonekana dogo, lakini swichi hizo husukumwa na mfuko bila mwenyewe kujua. Ikiwa iko sawa, sikiliza: gusa kitufe cha kupigia nusu, sikio likiwa karibu na lenzi.

Kimya kabisa kwenye Nikon kwa kawaida humaanisha kwamba lenzi haina mota yake. Lenzi zilizoandikwa AF au AF-D, pamoja na 70-300 ya aina ya AF G iliyouzwa kwa wingi, hutegemea bisibisi ndogo inayochomoza kwenye maunti ya kamera. Bodi za D90 na D7000 zinayo. D40, mfululizo wote wa D3000 na wote wa D5000 hazinayo. Kinyume chake hutokea kwa lenzi mpya zaidi za AF-P, ambazo bodi za zamani kama D90 na D3100 haziwezi kuziendesha fokasi kabisa, hata kwa mkono. Katika hali zote mbili lenzi ni nzima, ila imepewa bodi isiyoiweza.

Mlio wa kukwaruza au wa meno yanayoruka ni habari nyingine. Katika lenzi za bei nafuu zenye mota ndogo, pete ya fokasi haitakiwi kuzungushwa kwa mkono wakati swichi iko kwenye AF, kwa sababu mkono unashindana na gia za plastiki. Meno yakishalika, fokasi itafika nusu ya njia na kurudi, au itatetemeka mahali pamoja. Ubovu huo hauponi. Hata hivyo, lenzi yenye mota iliyokufa na vioo safi bado inafaa kwa anayepiga video au mandhari na kuweka fokasi kwa mkono, mradi bei ishuke vya kutosha.

Ikiwa mota inazunguka, inakwenda na kurudi, lakini haitulii, usiilaumu lenzi kabla ya kujaribu kwenye kitu chenye mistari ya wazi na mwanga wa kutosha. Lenzi zinazoishia f/5.6 huipatia kamera mwanga mchache, na ndani ya ukumbi wa harusi usiku hata lenzi nzima ya aina hii huhangaika.

Picha hazina ukali

Hapa ndipo lenzi nzima nyingi husingiziwa. Chanzo cha kwanza ni mtikisiko wa mkono. Lenzi ya 300 kwenye sensa ndogo ya Canon huona kama 480, na kwa kipimo cha kawaida spidi ya shata (muda wa kupokea mwanga) isiwe chini ya 1/500 ya sekunde ukishika kwa mkono bila kitulizaji (kifaa cha ndani ya lenzi kinachopunguza mtikisiko). Mtu aliyezoea 18-55 hupiga kwa 1/60, akaona picha imefifia, akasema lenzi ni mbovu. Kwa jaribio la haki weka kamera juu ya meza au tripodi, zima kitulizaji, tumia saa ya kujipiga ya sekunde 2, kisha upige.

Chanzo cha pili ni hewa. Katika Dodoma na uwanda wote wa kati, jua la mchana huchemsha ardhi isiyo na majani, na hewa inayopanda juu yake hukunja mwanga. Ukipiga Mlima wa Simba kutoka mbali saa saba mchana kwa lenzi ya 300, kingo za mawe zitacheza na kuyeyuka, na hata lenzi ya mamilioni ingetoa picha ileile. Jaribio la kitu cha mbali lifanyike asubuhi, saa moja au saa mbili, kabla ardhi haijashika moto. Ikiwa muuzaji anapatikana mchana tu, jaribu kwa kitu kilicho umbali wa mita kumi hivi, kivulini.

Chanzo cha tatu ni kutoelewana kati ya lenzi na kipimo cha fokasi cha kamera yenye kioo. Kukijua ni rahisi. Piga kitu kimoja mara mbili, kwanza kwa kutazama kupitia kitundu cha kutazamia, kisha kwa kutazama kwenye skrini, ambako kamera hupima fokasi kwenye sensa yenyewe. Ikiwa picha ya skrini ni kali na ya kitundu imefifia kila mara, vioo ni vizima, na fokasi inatua mbele au nyuma ya pale ulipolenga. Bodi kama Canon 7D na 70D, au Nikon D7000, zina marekebisho ya jambo hilo ndani ya menyu. Bodi ndogo hazina, na mwenye bodi ndogo atafute lenzi nyingine ya aina hiyohiyo.

Cha nne ni kioo kilichokaa upande, kwa kuanguka au kwa kufunguliwa na fundi asiye na vipimo. Dalili yake ni kona moja au upande mmoja wa picha kufifia huku pengine pakiwa pakali. Ili kuithibitisha tafuta ukuta wa matofali yasiyopigwa plasta, ambao hapa mjini haukosekani kwa wingi wa ujenzi unaoendelea. Simamisha kamera sambamba na ukuta, weka alama ya chaki kwenye tofali la kila kona, piga kwa f/5.6 kwenye urefu wa kati, kisha geuza kamera juu chini bila kuihamisha na upige tena. Kagua matofali yenye chaki katika picha zote mbili. Ikiwa tofali lililofifia ni lilelile, kamera haikukaa sambamba na ukuta na lenzi haihusiki. Ikiwa ufifi umehamia upande wa pili wa ukuta, umeifuata lenzi, na kioo kimekaa upande. Muuzaji anayeona jaribio hilo likifanyika kwa utulivu mbele yake hana la kubishana, na ni vigumu kulikosea.

Mwisho, ikubali lenzi jinsi ilivyoundwa. Canon EF 75-300 hulegea kwenye 300 hata ikiwa mpya, hasa ikiwa wazi. Ikifungwa hadi f/8 au f/11 huimarika sana. Ukali unaorudi kwa kufunga apacha si ishara ya ubovu.

Kuna kitu ndani ya vioo

Toa vifuniko vyote viwili, elekeza tochi upande mmoja na utazame kutoka upande wa pili kwa kuinamisha lenzi kidogo kidogo, ili mwanga usikupige machoni moja kwa moja. Lenzi ya Canon EF iliyotolewa kwenye kamera hubaki na apacha wazi, kwa hiyo utaona hadi ndani. Ya Nikon hujifunga, na usiposukuma kile kikono kidogo cha chuma kilicho nyuma utakuwa unachungulia kwenye tundu dogo na kuacha sehemu kubwa ya vioo bila kukaguliwa.

Chembe za vumbi zilizotawanyika ni jambo la kawaida. Lenzi ya kuvuta inaporefuka huvuta hewa kama mvukuto, na hewa ya Dodoma kati ya Juni na Oktoba ina vumbi, kwa hiyo lenzi iliyofanya kazi hapa miaka kumi bila chembe hata moja ingenishangaza. Chembe hizo hazionekani kwenye picha. Wanaoonyesha vidoa vyeusi kwenye anga la buluu na kudai kwamba ni vumbi la lenzi karibu siku zote wanaonyesha uchafu wa sensa: piga anga kwa f/22, badilisha lenzi, piga tena, na vidoa vikibaki palepale kitakachohitaji kusafishwa ni kamera.

Kuvu ni jambo zito. Huonekana kama nyuzi nyembamba zenye matawi, mithili ya mizizi ya mche mdogo, zikianzia ukingoni mwa kioo na kuelekea kati. Kuvu hustawi kwenye giza na unyevu. Mji wetu uko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, una mvua za takribani Desemba hadi Aprili tu, na kwa miezi mingi hewa yake ni kavu mno kwa kuvu kukua. Lakini lenzi nyingi zinazouzwa hapa zimetoka Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar, ambako unyevu wa bahari hauondoki mwaka mzima, na kuja kwake bara hakuziponyi. Ukame husimamisha ukuaji tu. Alama hubaki, na kuvu iliyokaa muda mrefu hula lile tabaka la kuzuia mng'ao lililopakwa juu ya kioo, kiasi kwamba hata baada ya kusafishwa hubaki michoro hafifu.

Nyuzi chache ukingoni, kwenye kioo cha mbele kinachofikika, si sababu ya kukimbia, ila bei ishuke. Kuvu kwenye kioo cha kati au cha nyuma ikatae, kwa kuwa kufika huko ni kazi kubwa na kioo cha nyuma kina athari kubwa zaidi kwenye picha. Kwa kipimo hichohicho, mkwaruzo mmoja kwenye kioo cha mbele, unaowatisha wanunuzi wengi, ni wa kupuuzwa kuliko doa dogo la nyuma. Nimeona watu wakirudisha lenzi nzima kwa mkwaruzo wa mbele na kuchukua nyingine yenye kuvu nyuma, kwa sababu tu uso wake uling'aa.

Utando mweupe uliosambaa sawasawa, usio na nyuzi, kwa kawaida ni mvuke wa grisi ya ndani uliotua kwenye vioo baada ya miaka ya joto, kama ya lenzi iliyoachwa ndani ya gari juani. Hauonekani kwa mwanga wa kawaida, lakini hujitokeza chini ya tochi, na kwenye picha zinazoelekea jua huleta weupe unaofunika kila kitu. Piga mtu aliyesimama kinyume na dirisha na ulinganishe na lenzi yako. Utando unaotoweka ndani ya nusu saa ulikuwa umande tu, hasa ikiwa lenzi imetoka kwenye ubaridi wa kiyoyozi wakati wa masika.

Picha zinakuwa nyeupe mno ukifunga apacha

Ikiwa picha za f/5.6 ziko vizuri lakini za f/16 zimeungua kwa mwanga, vipande vya apacha havifungi kwa wakati. Kwenye Nikon chanzo cha kawaida ni mafuta yaliyotiririka juu ya vipande hivyo, au kikono cha nyuma kilichopinda. Sukuma kikono na ukiachie: vipande virudi papo hapo. Vikirudi kwa kusitasita, au ukiona mng'ao wa mafuta juu yake, lenzi hiyo inahitaji kufunguliwa.

Pete ya kuvutia inakwama, inakwaruza au inaanguka

Mkwaruzo unaosikika kama mchanga kwa kawaida ni mchanga kweli. Kukwama mahali pamoja, hasa baada ya nusu ya njia, hutokana na bomba lililobonyea au na viroli vidogo vya plastiki vilivyovunjika ndani. Angalia mdomo wa mbele unapofungwa filta. Ukiwa umebonyea hata kidogo, lenzi imewahi kuanguka, na jaribio la matofali ni la lazima. Lenzi inayorefuka yenyewe ikielekezwa chini imelegea kwa umri tu, na mpira wa pete uliotanuka ni suala la mwonekano. Yeyote atakayekuambia utie mafuta ya cherehani ili pete ilainike, usimsikilize: mafuta hayo yatasafiri hadi kwenye apacha na vioo, na utakuwa umeugeuza usumbufu kuwa ubovu.

Kama lenzi ina kitulizaji, kiwashe na utazame kupitia kitundu. Mvumo mdogo ni kawaida. Taswira kuruka ghafla, na kutulia mara unapozima swichi, ni ubovu wa kitulizaji chenyewe. Lenzi bado itapiga kitulizaji kikiwa kimezimwa, na ilipwe kama lenzi isiyo nacho.

Lenzi inayoletwa kwa basi

Wengi tunanunua kwa wauzaji wa Kariakoo wanaotuma mzigo kwa basi, bila kushika chochote kabla. Katika hali hiyo mwombe muuzaji picha tatu: moja ya vioo vikiwa vimemulikwa kwa tochi kutoka nyuma, moja iliyopigwa na lenzi hiyo kwenye urefu wake wa mwisho kwa f/8, na moja ya namba ya lenzi inayosomeka. Ile ya pili iletwe kama faili halisi kutoka kwenye kadi, isiyopitia WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu faili halisi hubeba taarifa za lenzi, urefu na apacha iliyotumika, na WhatsApp huziondoa. Kubaliana naye kwa maandishi kwamba sehemu ya fedha itatumwa baada ya ukaguzi. Mzigo ukifika stendi ya Nanenane, ufungue palepale ukiwa na bodi yako, linganisha namba na ile ya kwenye picha, tazama mdomo wa filta kama haukubonyea njiani, kisha rudia jaribio la f/8 kwenye urefu wote kabla ya kumtumia kiasi kilichobaki.